Kudhibiti Ozoni Pasipo na Viwanda: Sheria, Moto na Ubora wa Hewa katika Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna dola linavyoweza kudhibiti ozoni iliyo karibu na ardhi katika mkoa usio na viwanda vikubwa. Eneo linalochunguzwa ni Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, ambako vichafuzi vinavyozaa ozoni hutokana zaidi na moto wa misituni na mashambani, mabani ya tumbaku, matanuri ya mkaa na injini za dizeli na petroli. Hoja kuu ni kwamba mfumo wa vibali, ambao kwa asili umekusudiwa kudhibiti mabomba ya viwanda, hauwezi peke yake kuufikia uchafuzi wa aina hii, kwa kuwa ozoni haitolewi na bomba lolote. Huundwa hewani. Kwa Katavi, chombo cha udhibiti chenye nguvu kuliko kibali ni kalenda ya moto, na mamlaka iliyo karibu zaidi na kalenda hiyo ni serikali ya kijiji. Makala yanaeleza kemia ya jambo hili, maana ya kufikia kiwango, uzoefu wa Marekani, na nafasi iliyopo tayari katika sheria za Tanzania.

1.0 Utangulizi

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kumalizika Aprili. Kuanzia Juni nyasi hukauka, na ifikapo Agosti upeo wa macho kuzunguka mji wa Mpanda hufifia kwa utusitusi wa moshi. Wakazi wengi huuhesabu moshi huo kuwa sehemu ya kiangazi, sawa na vumbi na upepo wa kusi. Macho huwasha, kikohozi huongezeka, na mvua za kwanza zinapofika anga husafishika na jambo lenyewe husahaulika hadi mwaka unaofuata.

Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Idadi imeongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi, na ongezeko hilo limekwenda sambamba na kufunguliwa kwa mashamba mapya katika misitu ya miombo. Nyenzo za kufungulia shamba ni shoka, jembe na kiberiti. Wakati huohuo mji wa Mpanda umepanuka, bodaboda zimeenea, mahitaji ya mkaa yamekua, na kwa miaka mingi umeme wa mji ulizalishwa kwa jenereta za dizeli kabla ya mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga.

Mtu akiulizwa kuhusu uchafuzi wa hewa katika mazingira hayo, atataja moshi anaouona. Makala haya yanahusu kichafuzi asichokiona. Ozoni haina rangi machoni mwa mpita njia, haiachi masizi ukutani, na hufikia kilele chake saa za mchana na alasiri, mara nyingi mbali na moto uliochangia kuiunda. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuikosa katika mazungumzo ya kijiji, katika ripoti ya halmashauri, na hata katika utekelezaji wa sheria.

2.0 Ozoni Moja, Mahali Pawili

Neno ozoni limeingia katika Kiswahili cha watu wengi kupitia somo la tabaka la ozoni. Tabaka hilo lipo juu sana, takribani kilomita 15 hadi 35 kutoka usawa wa bahari, na hukinga viumbe dhidi ya mionzi ya jua yenye madhara. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1985 na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 vililenga kulinda tabaka hilo kwa kuondoa kemikali zinazolimong'onyoa, hasa zile zilizotumika katika majokofu na viyoyozi. Tanzania ilijiunga na mikataba yote miwili mwaka 1993, na ina kanuni mahsusi za kudhibiti kemikali hizo.

Ozoni inayojadiliwa hapa ni molekuli ileile ya atomi tatu za oksijeni, ila ipo katika hewa tunayoivuta. Huko juu huwa kinga. Hapa chini huunguza utando wa njia ya hewa, huamsha pumu, hupunguza uwezo wa mapafu kwa watoto na kwa wanaofanya kazi nzito nje, na hudhuru mimea kwa kuingia kupitia vitundu vya majani. Tofauti hii ina matokeo ya kisheria. Ozoni ya juu hulindwa kwa kuzuia bidhaa fulani zisiingizwe nchini, kazi inayoweza kufanyika mpakani na bandarini. Ozoni ya chini haiingizwi na mtu yeyote wala haiuzwi. Afisa forodha hana la kuikamata. Hivyo nchi inaweza kufanikiwa kabisa katika Itifaki ya Montreal na bado isiwe imegusa ozoni inayovutwa na wakazi wake.

3.0 Namna Ozoni Inavyozaliwa katika Hewa ya Katavi

Ozoni ya karibu na ardhi huhitaji viambato vitatu: oksidi za nitrojeni, misombo tete ya kaboni, na mwanga mkali wa jua. Mwanga huivunja molekuli ya dioksidi ya nitrojeni na kuachia atomi moja ya oksijeni, nayo huungana na oksijeni ya kawaida kuwa ozoni. Kama mambo yangeishia hapo, ozoni isingelimbikizana, kwa kuwa monoksidi ya nitrojeni iliyobaki huirudia ozoni na kuivunja. Misombo tete ya kaboni ndiyo inayovuruga mzunguko huo. Inapooksidika hewani huirudisha monoksidi ya nitrojeni kuwa dioksidi bila kutumia ozoni, na kwa hiyo ozoni hubaki na kuongezeka kadiri jua linavyowaka. Monoksidi ya kaboni iliyomo katika moshi hufanya kazi kama hiyo, ingawa polepole zaidi.

Viambato vyote vitatu vinapatikana Katavi. Jua la kiangazi halina mawingu. Miti huvukiza misombo tete yenyewe, hususani ile iitwayo isoprini, na misitu ya miombo huchipua majani mapya mwezi Septemba na Oktoba kabla ya mvua kuanza. Moto wa nyasi na magogo hutoa oksidi za nitrojeni, monoksidi ya kaboni na misombo tete kwa pamoja. Injini za dizeli na za pikipiki huongeza oksidi za nitrojeni mjini. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa moto wa kuni unaotunzwa usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Hatimaye mvua ya kwanza inapolowesha udongo uliokauka kwa miezi, vijidudu vya udongo huamka na kutoa oksidi za nitrojeni kwa wingi kwa muda mfupi.

Mambo mawili katika maelezo haya ni ya msingi kwa mtunga sera. La kwanza ni kwamba palipo na misitu mingi, misombo tete haiadimiki; kinachoamua wingi wa ozoni ni oksidi za nitrojeni. Kupunguza misombo tete peke yake katika mandhari ya miombo kutaleta mabadiliko madogo. La pili ni kwamba ozoni huchukua saa kadhaa kuundwa, na katika muda huo hewa husafiri. Katikati ya mji, moshi mbichi wa injini wenye monoksidi ya nitrojeni huweza hata kuivunja ozoni kwa muda, ilhali vijiji vilivyo upande unakoelekea upepo hupokea kiwango cha juu zaidi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo Katavi hupokea hewa iliyopita juu ya mioto ya maeneo mengine na kupeleka yake ng'ambo ya ziwa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwamba mioto ya ukanda huu huzalisha ozoni si dhana tu. Utafiti wa kimataifa uliofanyika kusini mwa Afrika mwaka 1992, na mwingine mwaka 2000, ulihusisha moshi wa nyika na misitu ya miombo na ongezeko la ozoni linalofika hadi juu ya Bahari ya Atlantiki. Karibu zaidi na Katavi, kituo cha Mlima Mugogo nchini Rwanda kimeonesha kwamba ozoni, monoksidi ya kaboni na masizi hupanda katika miezi ya kiangazi na kushuka wakati wa mvua.

4.0 Maana ya Kufikia Kiwango

Kiwango cha ubora wa hewa huonekana kama nambari moja, lakini kwa hakika ni kanuni ya kuhesabu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika miongozo yake ya mwaka 2021, linapendekeza kwamba wastani wa juu kabisa wa saa 8 katika siku usizidi mikrogramu 100 za ozoni kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Miongozo hiyo iliongeza kipimo cha pili: wastani wa msimu wa kilele, yaani miezi sita mfululizo yenye ozoni nyingi kuliko mingine, usizidi mikrogramu 60. Kipimo cha pili kina uzito wa pekee kwa Katavi. Mkoa wenye kiangazi cha miezi sita chenye moshi unaweza kupita salama katika kipimo cha siku moja moja na bado ukashindwa kipimo cha msimu, kwa sababu mwili wa mtoto hukusanya madhara ya miezi yote sita.

Jambo la kiufundi linalosahaulika ni mwinuko. Mji wa Mpanda upo takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12. Uwiano uleule wa ozoni katika hewa utatoa uzito mdogo zaidi kwa mita ya ujazo huko Mpanda kuliko Dar es Salaam. Mamlaka isiyobainisha hali ya joto na kanieneo inayotumika katika hesabu inaweza kutangaza kwamba kiwango kimefikiwa kumbe ni tofauti ya mwinuko tu.

Aidha, lazima kutofautisha kiwango cha hewa ya mazingira na kikomo cha utoaji. Kikomo cha utoaji hupimwa kwenye bomba na kina mwenyewe: kiwanda, mgodi au mtambo. Kiwango cha hewa ya mazingira hupimwa pale watu wanapovuta hewa na hakina mwenyewe mmoja. Kwa vumbi la kiwanda cha saruji, viwango hivi viwili huungana kwa urahisi. Kiwango cha mazingira kikivukwa, bomba hujulikana. Kwa ozoni, muungano huo hukatika, kwani hakuna bomba linalotoa ozoni ambalo kikomo chake kinaweza kukazwa. Swali la nani awajibike halina jibu katika kemia. Jibu lake hutolewa na utawala. Historia ya Marekani, nchi iliyohangaika na swali hilo kwa muda mrefu, inasaidia kuona majibu yanayowezekana.

5.0 Uzoefu wa Marekani: Kiwango cha Taifa, Mpango wa Jimbo

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionesha kwamba utusitusi uliowasha macho ya wakazi wa Los Angeles ulitokana na moshi wa magari na mvuke wa mafuta uliobadilishwa na jua, na kwamba ozoni ilikuwa kiini chake. Ugunduzi huo ulibadilisha namna ya kufikiri: mchafuzi hakuwa tena mwenye bomba linaloonekana, alikuwa kila mwenye gari.

Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 iligawa kazi. Serikali kuu huweka kiwango cha afya kwa taifa zima. Kila jimbo huandaa mpango wake wa kukifikia, likichagua lenyewe litakaza wapi: magari, mitambo ya umeme, rangi za majengo au vituo vya mafuta. Eneo linalozidi kiwango hutangazwa rasmi kuwa halijafikia kiwango, na tangazo hilo huleta masharti mazito na tarehe za mwisho. Tangu mwaka 2015 kiwango cha ozoni ni sehemu 0.070 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, sawa na takribani mikrogramu 140 kwa mita ya ujazo. Hesabu yake huchukua thamani ya nne kwa ukubwa katika kila mwaka na kutafuta wastani wa miaka mitatu, ili siku moja ya ajabu isiliangushe jimbo zima.

Katika mfumo huo, moto hupewa nafasi ya pekee. Chini ya kanuni ya matukio yasiyo ya kawaida, jimbo linaweza kuomba takwimu za siku zilizoathiriwa na moto wa msituni ziondolewe katika hesabu. Mantiki yake ni kwamba jimbo lisiadhibiwe kwa jambo lisiloweza kulizuia. Hata hivyo, utaratibu huo ukihamishiwa Katavi bila kufikiriwa utaleta kinyume. Mioto mingi ya Katavi huwashwa na binadamu, hurudi kila mwaka katika miezi ileile, na ndiyo chanzo kikuu cha tatizo. Kuziondoa siku za moto ni kuliondoa tatizo katika karatasi huku likibaki katika hewa. Linalofaa kuazimwa kutoka Marekani ni mgawanyo wa kazi: kiwango kiwekwe na taifa, na njia ya kukifikia iandikwe na mamlaka inayoyajua mazingira ya mahali.

6.0 Mfumo wa Sheria ya Tanzania na Pengo la Moto

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Chini yake, viwango vya mazingira hupendekezwa na kamati ya viwango vya mazingira iliyo katika Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa zilitolewa mwaka 2007. Usimamizi umekabidhiwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), likiwa na wakaguzi, vibali na mamlaka ya kutoa amri. Miradi mikubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza.

Mfumo huu una meno pale ambapo mchafuzi ana anwani. Mgodi, kiwanda cha kuchakata tumbaku au mtambo wa kuzalisha umeme unaweza kukaguliwa, kupewa masharti na kutozwa faini. Lakini mkaguzi atampelekea nani amri kwa moto ulioanza katika shamba jipya saa nane mchana, ukavushwa na upepo hadi msituni na kuwaka kwa siku nne? Mioto hiyo, ambayo maafisa misitu huiita moto kichaa, ina sababu nyingi: kusafisha mashamba, kuotesha nyasi mbichi za malisho, urinaji wa asali, uwindaji, na kufungua njia ili watu waone nyoka. Anayewasha huwa na sababu ya maana kwake, na mara nyingi hana nia ya kuunguza msitu.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti kuhusu uchomaji, na utekelezaji wake uko kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na maafisa wa halmashauri. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) linasimamia moto ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,471. Vyombo hivi huuangalia moto kama adui wa miti, wanyama na mali. Vyombo vya ubora wa hewa, kwa upande wao, huiangalia hewa kama suala la viwanda na miji. Baina ya macho haya mawili, moshi wa kiangazi hupita bila kuwa jukumu la yeyote. Pengo hili halisababishwi na uhaba wa sheria. Linasababishwa na sheria mbili kutozungumza.

7.0 Kalenda ya Moto kama Chombo cha Udhibiti

Wingi wa vichafuzi vya moto hutegemea mambo matatu: eneo linaloungua, uzito wa mimea iliyokauka katika eneo hilo, na namna inavyoungua. Moto wa Juni hukuta nyasi zenye unyevunyevu, huenda polepole, huacha mabaka yasiyoungua, na hufa wenyewe usiku. Moto wa Septemba hukuta kila kitu kimekauka na upepo ni mkali. Huunguza nyasi, vichaka na magogo, na kuingia katika majani machanga ya miombo. Wahifadhi wamekuwa wakitumia uchomaji wa mapema kwa sababu hiyo: mabaka yaliyochomwa Juni huwa kinga dhidi ya moto wa Septemba.

Kwa upande wa ozoni, hoja ya uchomaji wa mapema ina nguvu lakini haikosi upungufu. Mimea yenye unyevu hufuka zaidi kuliko kuwaka, na mfuko huo hutoa monoksidi ya kaboni, chembe za moshi na misombo tete zaidi kwa kila kilo inayoungua. Oksidi za nitrojeni, ambazo ndizo zinazoamua katika mandhari ya miombo, hutolewa zaidi na moto unaowaka kwa nguvu. Kwa hiyo uchomaji wa mapema unaofanywa karibu na makazi asubuhi yenye hewa iliyotulia unaweza kuwaongezea watu moshi huku ukipunguza ozoni ya msimu. Kalenda nzuri haina budi kutaja mwezi, saa, mwelekeo wa upepo na umbali kutoka shuleni na zahanati.

Anayeweza kuandika mambo hayo ni kijiji. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zinazopitia mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ya mwaka 2004 nayo inatambua kamati za mazingira za ngazi hiyo, na inaitaka kila mamlaka ya serikali za mitaa kuwa na afisa wa usimamizi wa mazingira na mpango wa utekelezaji wa mazingira. Mpango huo unafanana kwa kazi na mpango wa jimbo wa Marekani. Ubora wa hewa ukiandikwa humo kwa lugha ya miezi, mabaka na barabara za kuzuia moto, kiwango cha taifa kitakuwa kimepata miguu ya kutembelea hadi Mwese, Inyonga na Usevya.

Hapa kuna hatari ya kutotenda haki. Sheria ndogo yenye faini pekee humwangukia anayeonekana na kiberiti, naye mara nyingi ni mkulima mdogo anayesafisha ekari mbili mchana kweupe. Aliyewasha moto kichaa usiku kilometa kumi kutoka kijijini haonekani. Udhibiti unaoadhibu uwazi utafundisha watu kuchoma kwa siri na kwa haraka, yaani wakati mbaya zaidi. Kinyume chake, ruhusa ya kuchoma inayotolewa bure na mtendaji wa kijiji, kwa siku iliyotajwa na majirani wakiwapo kuulinda moto, humfanya mkulima yuleyule kuwa mshirika wa sheria.

Kichocheo cha kiuchumi pia kipo. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinavyohifadhi misitu ya Milima ya Ntakata hupata fedha kutokana na mauzo ya hewa ya ukaa kupitia mradi wa kampuni ya Carbon Tanzania. Mapato hayo hutegemea msitu kubaki umesimama, na kwa njia hiyo ulinzi dhidi ya moto unakuwa na thamani inayoonekana katika madarasa na zahanati. Mradi haukuundwa kwa ajili ya ozoni. Hata hivyo kila hekta isiyoungua Septemba ni oksidi za nitrojeni ambazo hazikuingia hewani. Vivyo hivyo, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, utapunguza moshi wa jikoni na matanuri ya mkaa kwa pamoja. Mabani yenye tanuri bora zinazotumia kuni chache yana mchango wa namna hiyohiyo.

8.0 Kupima Kabla ya Kuhukumu

Hakuna udhibiti wa kiwango bila kipimo, na Afrika Mashariki ina vituo vichache mno vinavyopima ozoni kwa mfululizo. Mbali na Mugogo, kuna kituo cha Mlima Kenya, na huko Nairobi maputo yenye vipima ozoni yamekuwa yakirushwa tangu miaka ya 1990. Setilaiti huhesabu mioto na huona dioksidi ya nitrojeni, lakini hupata shida kutenganisha ozoni ya usawa wa pua na ile iliyo juu.

Kwa mkoa wa aina ya Katavi, hatua inayowezekana ni ya ngazi tatu. Ya kwanza ni kifaa kimoja cha uhakika kinachopima ozoni kwa ufyonzaji wa mwanga wa urujuanimno, kikiwekwa penye umeme, ulinzi na wataalamu; kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) mjini Mpanda kina sifa hizo. Ya pili ni vinasio visivyohitaji umeme, vya bei nafuu, vinavyotundikwa kwa wiki mbili mbili katika vijiji vilivyo kaskazini-magharibi mwa mji, ambako upepo wa kiangazi huelekea. Bila hivyo, kifaa cha mjini kinaweza kutoa picha nzuri kuliko hali halisi.

Ya tatu ni mimea yenyewe. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kwamba ozoni huacha madoadoa kwenye majani ya tumbaku, na aina moja ya tumbaku iitwayo Bel-W3 imetumiwa katika nchi nyingi kama shahidi wa ozoni kwa sababu hudhurika mapema kuliko nyingine. Ni zao linalofahamika vyema Katavi. Mabwana shamba na wakulima wanajua kusoma jani lake. Mahindi makuu ya mkoa huvunwa kabla ya kilele cha moshi, kwa hiyo hayako katika hatari kubwa zaidi. Yaliyo hatarini ni maharage na mboga za mabondeni, miche iliyo vitaluni Septemba na Oktoba, na majani mapya ya miombo. Vipande vichache vya Bel-W3 katika bustani za shule vingeonesha mahali pa kupeleka vifaa vya gharama.

9.0 Hitimisho

Ozoni inaipima sheria ya mazingira kwa namna ambayo kiwanda hakiwezi. Inauliza kama dola linaweza kusimamia kitu kisichotolewa na yeyote lakini kinachosababishwa na wengi. Kwa Katavi, vyombo vya kujibu vimekwisha kuandikwa: haki ya mazingira safi, viwango vya taifa, mpango wa mazingira wa halmashauri, sheria ndogo ya kijiji na uzoefu wa uchomaji wa mapema. Kinachokosekana ni kuviunganisha, na vipimo vya kuonesha kama muungano huo unafanya kazi.

Mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji wa mwezi Mei, kabla nyasi hazijakauka. Afisa mazingira, afisa misitu na mganga wa zahanati wakikaa meza moja na wakulima, wafugaji na warina asali, wanaweza kukubaliana nani atachoma wapi, lini na chini ya ulinzi wa nani. Kumbukumbu za mkutano huo zikiambatanishwa na takwimu za hewa na za wagonjwa wa kifua za kuanzia Juni hadi Novemba, halmashauri itakuwa na msingi wa kusema kama kiwango kimefikiwa. Miaka mitatu ya kumbukumbu za namna hiyo ingetosha kuonesha kama kalenda inapunguza ozoni au inahamisha moshi kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, na ingewapa wakazi sauti yenye ushahidi katika madai yao ya haki ambayo sheria iliwapa mwaka 2004.